Fimbo Niliyoipunguza

Niinueni kidogo, wanangu. Niwekeeni mito miwili mgongoni, maana nikilala chali kifua kinabana na maneno hayatoki, na leo sina kitu kingine cha kuwapa kinachozidi maneno. Hapo. Hapo hapo, msinivute tena. Wewe kitindamimba wangu, acha kunipangusa jasho ukae chini. Umenipangusa miezi minne na jasho halijui kukoma. Wewe binti yangu wa kati, hiyo simu igeuze kifudifudi, wateja wa duka watasubiri, hakuna aliyekufa kwa kukosa sukari nusu saa. Na wewe mwanangu mkubwa, mwenyekiti, toka hapo mlangoni uje kwenye kigoda karibu na kichwa changu, kwa sababu nitakayosema yatapita kwa dada zako lakini yatatua kwako, na najua ungependa kuwa mahali pengine. Kaa. Hata mimi ningependa kuwa mahali pengine.

Daktari aliwaita nje akawanong'oneza, akidhani mzee kalala. Mzee hakulala. Kifua changu kimejaa vumbi la mbao, miaka ishirini na sita nililivuta kiwandani na iliyobaki nimelivuta humu nyuma ya nyumba, na hakuna ufagio unaofika huko. Nimekula mbao na mbao zinanila, tuko sawa. Sitaki mtu amlaumu daktari, wala kiwanda, wala Mungu.

Nianze na mepesi nisije nikaishiwa pumzi. Nyumba hii ni yenu watatu, na chumba cha kitindamimba asikiguse mtu hata akiolewa mara tatu, maana yeye ndiye aliyeacha kazi yake akaja kunigeuza kitandani wakati ninyi wawili mnakuja na matunda. Sisemi kwa ubaya. Matunda nimeyala. Randa yangu ndefu na ile ndogo ya kulainishia achukue binti wa kati. Usinikodolee macho, mama, nilikuwa nakuona ulipokuwa mdogo ukipita karakana ukijifanya unamtafuta kuku, kumbe unaokota maranda uyanuse, na mimi kwa ujinga wangu nikakutuma dukani, na dukani ndiko ulikobaki. Patasi zote na msumeno mkubwa ni za kaka yenu. Jirani wa ukutani, yule tuliyegombania mfereji mpaka tukanyimana salamu miaka tisa, mwambieni nimemsamehe, na akisema mfereji ulikuwa wake mwitikieni tu, kwa sababu ulikuwa wake. Karakana yenyewe, benchi zake nne na mbao zote zilizoegemea ukuta, si urithi wenu. Ni ya chama chetu cha useremala, na karatasi yake iko kwa Mwalimu Mstaafu. Kilichojengwa na mikono ya mtaa mzima hakigawanywi na watoto wa mtu mmoja.

Sasa lile zito. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha uchi wangu miaka kumi na tisa, nikauvalisha koti la uenyekiti, nikaitwa mzee wa busara. Sikilizeni mpaka mwisho, na anayetaka kunikatiza asubiri nikate mwenyewe, haitachukua muda.

Mnakijua chama kilivyo leo, watu arobaini na ushei, na kibao mlangoni. Hamkijui kilivyoanza. Kiwanda kilipofungwa nilirudi nyumbani na mikono yangu na sikujua pa kuiweka. Mama yenu aliniambia, "Mume wangu, umekarabati kila mlango wa nyumba hii, sasa umeanza kukarabati vizima. Hebu tafuta watu." Nikafungua ile stoo ya magunia. Wa kwanza kuja alikuwa Kinyozi, anataka kutengeneza kiti cha wateja wake. Akaja Dereva wa lori, akaja Mwalimu Mstaafu ambaye wakati huo ndiyo kwanza amestaafu na mkewe hamtaki nyumbani mchana. Tukawa tunakutana kila Jumamosi. Hakuna aliyekuwa fundi ila mimi, na ndiyo maana niliweka sheria moja ambayo mpaka leo mnaifuata: anayejua asiguse kazi ya anayejifunza. Mikono nyuma, mdomo mbele. Ukimwona mwenzako anaharibu, mwambie, mweleze, imba ukitaka, lakini ukishika msumeno wake umemwibia somo.

Basi ilikuwa raha kuona watu wazima wakijifunza! Kinyozi alipiga randa kwa kunyonga kiwiko kana kwamba ananyoa kidevu cha bwana harusi. Dereva hakuwahi kugonga msumari ukaenda moja kwa moja, na kila ukipinda tulimwambia, "Dereva, kona hiyo mbona hukupiga honi?" Mwalimu alichora kila kitu kwenye karatasi, akakipigia mstari, akakipa maksi, halafu mguu wa meza ukatoka mfupi vilevile. Tulicheka, tukakosea, tukarudia. Mtu alikuwa akija na kigoda chake cha kwanza, kinayumba, na sote tunakaa juu yake mmoja mmoja, na mwenye kigoda anasimama pembeni anatetemeka kama mama mwenye mtoto mchanga. Sikuwahi kuwa na furaha ile kiwandani.

Mwaka wa pili akaja Fundi Cherehani. Mwanamke wa kwanza. Alikuwa na kibanda cha kushona pale kona ya sokoni, mwembamba, hasemi ovyo, pini mdomoni muda wote. Wanaume wakanong'ona, mimi nikasema mbao haziulizi anayezikata amevaa nini. Na niwaambie ukweli, katika wote wale yeye ndiye aliyekuwa na jicho. Aliangalia ubao akasema, "Huu umepinda upande huu," sisi hatuoni, tunauweka juu ya benchi, kweli umepinda. Mtu aliyepima mabega na viuno vya mtaa mzima bila kumkosea hata mmoja, ubao ungemshinda nini?

Wengi hawakuweza kusoma tepu, namba zile ndogo ziliwachanganya. Kwa hiyo nilitengeneza fimbo ya kipimo. Mbao ngumu, nyeusi kwa mafuta, niliilainisha wiki nzima. Mkato wa kwanza ni urefu wa kigoda, wa pili ni kiti, wa tatu ni meza, na fimbo nzima toka ncha hadi ncha ni chaga ya kitanda, ule ubao wa kubeba godoro. Ukiwa nayo huhitaji kujua kusoma. Nikaitundika ukutani na nikaifanya kitu kitukufu, jamani, nilikuwa na majivuno. Siku moja Dereva aliichukua kumfukuzia mbuzi aliyeingia, nikamkalisha nje Jumamosi mbili nzima. "Fimbo si ya kuchezea!" Nilipiga kelele mpaka Kinyozi akaangusha patasi. Kila kitu karakanani kilipimwa kwa fimbo, na fimbo yenyewe haikupimwa kwa kitu chochote.

Ndipo zahanati ya mtaa ikatuomba vitanda. Wanawake walikuwa wakijifungua na kulala chini, juu ya mikeka. Tukakubaliana vitanda kumi na viwili, kila mtu akaja na ubao wake kichwani, na Muuguzi Mkuu akatuomba kitu kimoja: chaga zisigongwe misumari, ziwe zinatoka, ili vitanda vioshwe. Mimi nikakata fremu zote kwa fimbo ile, nikaziwekea ukingo mwembamba wa ndani wa kuzilaza chaga. Chaga zenyewe tukasema kundi la Fundi Cherehani lizikate Jumamosi inayofuata.

Jumatano mchana nilikuwa peke yangu karakana. Kopo la vanishi limegoma kufunguka, kifuniko kimeganda. Bisibisi siioni. Fimbo iko ukutani, karibu na mkono. Nikaichomeka ncha yake chini ya kifuniko, nikakandamiza, na kopo likafunguka na ncha ikapasuka.

Mimi! Mimi niliyemkalisha mtu nje kwa sababu ya mbuzi!

Nilisimama nayo mkononi. Mtu mwenye akili angesema, nimevunja, nitatengeneza nyingine. Ningetengeneza kwa siku tatu. Lakini niliona nyuso zao, nikamwona Dereva akitabasamu, nikaona aibu, na aibu, wanangu, ni seremala mbaya. Nikaikata ile ncha iliyopasuka, upana wa kidole gumba tu, nikapiga msasa, nikaipaka mafuta machafu na vumbi ifanane na zamani. Nikairudisha msumarini. Nikajiambia, nitawaambia Jumamosi. Jumamosi ikafika, watu wakawa wengi, na Fundi Cherehani akaitwaa fimbo kwa mikono miwili, kwa heshima, kama nilivyowafundisha, akaanza kupima. Nikamwangalia akikata chaga mia moja na ishirini. Zote sawasawa na fimbo. Sikufumbua mdomo.

Mtaniuliza nilifikiri nini. Nilifikiri ukingo utazibeba. Kweli zilikaa juu ya ukingo, kwa unywele, na kwa macho vitanda vilipendeza.

Siku ya kuvikabidhi walikuja wageni, viti vimepangwa, hotuba imesomwa, na Muuguzi Mkuu, mama mnene mwenye furaha, akasema, "Ngoja nionje mimi kwanza," akakaa. Chaga zikateleza zote kwa mpigo. Akapotea. Tuliona miguu tu. Nawaambia ukweli watu walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakaona mama wa watu hawezi kuinuka, na kicheko kikageuka.

Jioni ile kikao. Mwalimu akatoa tepu yake ya chuma, akapima chaga: fupi. "Nani alikata hizi?" Fundi Cherehani akasimama, hakuogopa. Akasema, "Mimi. Na nilipima ncha hadi ncha. Fimbo imefupika." Akasema tena, "Leteni fremu tulinganishe. Mwenyekiti, wewe uliikata fremu kwa fimbo hii hii. Iweke tuone." Akanitazama. Wanangu, alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Sijui kama alijua, lakini mlango ulikuwa wazi kabisa, na nilichotakiwa kufanya ni kupita. Nami nikasema, na haya ndiyo maneno yanayonikaba kuliko vumbi, nikasema, "Fundi, sasa unaishtaki fimbo?"

Wakaangua kicheko. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Baada ya kicheko kile hakuna aliyelinganisha kitu.

Na wewe, mwanangu mkubwa, ulikuwa na miaka ishirini na tatu, una miezi miwili chamani, umekaa nyuma yangu. Ukasimama. Usiinamishe kichwa, nitazame. Ulisimama kwa sababu ulimpenda baba yako na uliona kashtakiwa. Ukasema, "Asiyejua kupima asitupimie. Nenda zako, Bi Pungufu." Hukujua. Nilijua mimi, nikakuacha useme, na nikaona fahari, eti mwanangu ananitetea. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ningekukatiza usiku ule... ningekukatiza palepale, tungelia siku moja yakaisha.

Wakapiga kura, wakamtoa. Aliondoa pini mdomoni, akazichoma kwenye kitambaa chake moja moja, akatoka. Na jina likamfuata. Nani atampelekea gauni mwanamke aliyeshindwa kupima chaga? Mwaka haukuisha akafunga kibanda. Nikasikia anashona magunia upande wa pili wa mji, kwa sindano ya mkono, cherehani ameiuza. Jina lake halikwenda naye, lilibaki hapa likaota mizizi. Mpaka leo karakanani, mtu akikata ubao ukawa mfupi, watu wazima na akili zao wanaitikia kwa pamoja, "Pungufu!" Vijana hawajui limetoka wapi. Wanadhani ni mzaha tu wa maseremala. Kitindamimba ameniambia wajukuu zake Fundi wanaitwa hivyo shuleni, wajukuu wa Pungufu, kwa kosa la fimbo ambayo hawajaiona.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Mama yenu alijua. Kile kipande nilikitia kwenye moto wa jikoni, naye akakiona kabla hakijashika, akakijua kwa weusi wake. Akaniuliza, nikamwambia anyamaze kwa ajili yenu. Alinyamaza. Lakini nguo za shule za ninyi mabinti aliendelea kuzipeleka kwa Fundi Cherehani mpaka siku alipofunga, na kila akirudi nazo aliziweka mezani mbele yangu bila neno. Siku ya mwisho, pale pale ulipokaa wewe mama, aliniuliza, "Utasema lini?" Nikasema, nitasema. Akafa na ahadi.

Nilipoanguka mwaka huu, mikono na miguu ikafa, nikajua sasa sina pa kukimbilia. Ajabu ya Mungu, sheria yangu imenirudia mwenyewe: siwezi tena kugusa kazi, mikono imelala, nimebaki na mdomo tu. Na mdomo wa mtu asiye na miguu unafika mwisho wa shuka. Nikakutuma wewe, mwanangu mkubwa. Nilikuambia yote, wewe peke yako, na nikakuomba umlete. Mara tatu nilikutuma. Mara tatu ukarudi ukakaa hapo, ukaniambia, "Baba, amekataa. Anasema hataki kukuona." Nikaamini. Nililia usiku na mchana nikisema ana haki.

Juzi kitindamimba, aliyenisikia nikimlilia Fundi, akaenda mwenyewe. Akakuta hakuna mtu yeyote aliyewahi kubisha hodi mlango ule.

Sikutukani. Nani alikufundisha kunyamaza? Mtoto wa nyoka ni nyoka, na nyoka mkubwa ndiye huyu aliyelala hapa. Nimesema haya mbele ya dada zako si kukuaibisha, ila siri ikikaa kwa watu wawili inaoza, nimeshaijaribu.

Basi alikuja. Jana. Binti yake alimshika mkono akamkalisha kando yangu. Nywele nyeupe, mwembamba vilevile. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa kutemewa mate, nilikuwa nayatamani. Nikamwambia yote, toka kopo la vanishi hadi kicheko. Nikasema, "Fundi, ulipima sawasawa. Fimbo niliikata mimi." Akanisikiliza kwa adabu. Halafu akasema, "Pole, baba, utapona." Akamgeukia binti yake, akauliza, "Huyu mzee ni nani?"

Hanijui, wanangu. Hajui chama, hajui vitanda, hajui kama aliwahi kushika msumeno. Binti yake akasema ni miaka mitatu sasa, kumbukumbu imeondoka kidogo kidogo. Akashika pindo la shuka langu, hili hapa, akalipitisha kati ya vidole, akasema, "Nani kashona hivi? Limepinda." Tukalitazama. Limepinda kweli. Jicho liko palepale, mwenye jicho hayupo. Miaka minne iliyopita angenisikia! Miaka kumi na sita alikuwa anajua, na mji ni mmoja, na miguu nilikuwa nayo.

Nikamwambia binti yake, basi nisamehe wewe kwa niaba yake. Yule binti hakupandisha sauti. Alisema, "Mzee, mama ameshasahau. Mimi sijasahau, na mtaa haujasahau. Usiniambie mimi chumbani. Waambie wao." Akamwinua mama yake wakaondoka taratibu, na yule mama akanipungia mkono kwa furaha, kama mtoto.

Mmeona nilipofika? Aliyeumizwa hakumbuki. Wanaokumbuka ni walioumiza. Kosa nililomfanyia limefutika kwake, sasa limebaki kwenye vinywa vya watu, na huko ndiko linakopaswa kuondolewa, na mimi siwezi kuketi bila mito.

Kwa hiyo wosia wangu ni huu, mengine yote yalikuwa mapambo. Kesho ni Jumamosi. Kabla mtu hajashika randa, mwanangu mkubwa, simama mbele yao useme: baba yangu ndiye aliyeikata fimbo, Fundi Cherehani alipima sawa, na jina la Pungufu nililianzisha mimi, na kuanzia leo lisisikike humu. Kisha nendeni wote, chama kizima, mlangoni kwake, mseme kwa sauti ya nje, majirani wasikie, wajukuu wasikie. Yeye atawauliza ninyi ni nani. Mwambieni.

Najua utakaloniambia, uliniambia asubuhi. Kwamba shule imetuagiza madawati kwa sababu ya jina letu, kwamba wanachama watagawanyika, kwamba ile fimbo imewekwa kwenye kasha la kioo na watu wanapiga picha nayo, eti fimbo ya mwasisi. Kwamba yameshapita. Hayajapita, baba. Yamepita kwangu na kwako. Wajukuu wa watu Jumatatu wanaingia darasani. Na kama chama kitavunjika kwa ukweli, basi tulikuwa tumekigundisha kwa mate.

Nyamaza, kitindamimba. Najua wewe uko tayari kwenda kusema. Na dada yako pia. Ninyi mkisema, watasema ni huruma ya wanawake kwa mwanamke mwenzao, watatingisha vichwa, wataendelea. Lazima aseme aliyelitaja jina kwa mara ya kwanza. Nilitaka hata kuwaambia msinizike mpaka aseme, nikajicheka mwenyewe. Maiti hana ubishi, mtanizika tu, na mtanizika vizuri. Siwezi kumlazimisha. Nilikuwa naweza kumkalisha mtu nje kwa ajili ya mbuzi, leo siwezi kumfanya mwanangu afungue mdomo. Ninachoweza ni kuomba, na ninaomba, mimi baba yako ninakuomba wewe.

Pumzi... ngojeni. Ngojeni kidogo.

Jeneza langu likatwe na wanaojifunza, wale wapya, na mafundi waweke mikono nyuma. Likiyumba liyumbe. Msilinyooshe.

Sogeeni. Kitindamimba, Mungu akurudishie usingizi ulionipa. Binti yangu wa kati, mikono yako izijue mbao, na watoto wako usiwatume dukani. Na wewe, mkubwa wangu, baraka yangu uwe nayo, ukisema na usiposema. Siifungi kwa sharti, maana hata mimi nililishwa baraka za wazazi miaka yote hii na sikuwa nastahili. Mola awashike watatu, mshikane ninyi kwa ninyi, msifichane jambo likalala ndani ya nyumba hii hata siku moja.

Sasa sema. Hapa, mbele ya dada zako, sema lile la kesho, nilisikie likitoka kwako mara moja tu, nijue njia linaijua. Baba aliikata fimbo. Anza hapo.

Nakuona. Midomo inakwenda. Sikusikii, mwanangu, masikio yamejaa... yamejaa kitu, sijui. Umesema? Au unalia? Kitindamimba, kaka yako amesema? Mbona na wewe... nani atanijibu jamani. Sogea zaidi. Weka mdomo hapa.

Rudia, baba. Rudia, sijasikia.